Somo: Blanketi la viraka kwa nyumba isiyo na nafasi

Wengi mnaniambia, "Nikipata nafasi nitaanza." Nafasi hiyo haiji, mama. Nyumba yenye watoto wa shule, kuku, kikao cha vikoba na wageni wa Desemba haina siku tupu. Zinazopatikana ni dakika za kuokoteza: robo saa maharage yakiwa jikoni, nusu saa mtoto akifanya hesabu mezani, foleni ya kliniki. Uzuri ni kwamba blanketi la viraka nalo ni kazi ya vipande vipande. Ukilipanga vizuri hutahitaji siku nzima ila mara mbili tu, siku ya kukata na siku ya kutandaza. Kwingine kote unahitaji kopo lenye mfuniko.

Tutashona la mtoto, inchi 36 kwa 48 hivi, lenye tabaka tatu: uso wa viraka, kitambaa cha joto katikati, na mgongo. Kipimo hiki nimekichagua kwa ajili ya kanga. Upande mmoja wa kanga una takriban sentimita 110 kwa 150, yaani inchi 43 kwa 59, kwa hiyo unatosha mgongo mzima wa blanketi bila kuunga, na ziada inabaki ya kukunjia ukingo. Ile doti iliyobaki upande mmoja baada ya mwenzake kuchanika kwa kubebea mtoto imepata kazi. Soma jina lake kabla hujaamua, lakini. Kanga ya kumsema jirani usimlalishie mtoto.

Vitambaa

Ongea na fundi wa mtaani kwako akuwekee mabaki ya vitenge. Wengi huyatupa au huyafanya ya kufutia mashine, na ukimpelekea chupa ya soda atakuchambulia mwenyewe. Chukua vya pamba tu. Jumla tunahitaji vipande 108: vya rangi iliyoiva 60, vya rangi nyepesi 48. Anayetaka kununua kipya, yadi moja ya kitenge inatoa hadi vipande 72, hivyo yadi moja ya kila rangi inatosha na chenji inabaki.

Fua vyote kabla ya kukata, na kanga pia. Vitenge vipya vina wanga na vinaruka, yaani vinapungua, vikifuliwa mara ya kwanza. Ukishona bila kufua, viraka vitaruka kila kimoja kwa kiasi chake na blanketi litajikunyata.

Cha kuweka katikati, usihangaike kutafuta pamba maalumu ya kazi hii. Nenda soko la Memorial kama uko Moshi, au soko la Kilombero kwa wenzetu wa Arusha, utafute blanketi jepesi la mtumba, lile laini la manyoya mafupi. Haliruki na linakauka upesi. Sufi nawakataza: ni nzuri kwenye mto, lakini ndani ya blanketi ikifuliwa inakimbilia pembe moja. Kama mnakaa Moshi ya chini, Pasua au Njoro, hata shuka kuukuu la flaneli linatosha katikati, joto lenyewe mnalijua. Arusha mwezi wa saba ni habari nyingine, wekeni blanketi.

Kukata

Hii ndiyo kazi ya kwanza inayotaka meza na utulivu. Subiri Jumamosi watoto wakiwa kwa bibi yao.

Tengeneza kipimo cha inchi nne na nusu kwa nne na nusu. Boksi linaliwa na mkasi, ukifika kipande cha thelathini si mraba tena. Tumia mfuniko wa ndoo ya rangi: plastiki yake ni ngumu na ina sehemu bapa ya kutosha. Chora kwa chaki ukifuata uzi wa kitambaa, usikiegeshe kipimo upande ili ubane nafasi. Kipande kilichokatwa mshazari kinavutika kikishonwa, na kikivutika kimoja, vinavyoungwa nacho vinakifuata.

Kopo

Hapa ndipo somo lote lilipo, kwa hiyo nisikilizeni. Siku hiyohiyo ya kukata, kabla hujainuka, panga vipande tisa tisa: vitano vilivyoiva, vinne vyepesi. Vilivyoiva vikae kwenye pembe nne na katikati. Ukiridhika, vibebanishe kwa mpangilio wake, kuanzia kushoto juu hadi kulia chini, uchome pini moja. Hicho ni kifurushi kimoja, nacho kitakuwa mraba mmoja. Tengeneza kumi na viwili, weka kwenye kopo la biskuti pamoja na uzi, mkasi mdogo na sindano.

Sababu ni hii: kinachotuchosha sisi si kushona. Kinachotuchosha ni kuamua. Saa tatu usiku, vyombo vimeoshwa, huna akili ya kuchagua kama njano inakwenda na zambarau. Ukifungua kopo ukakuta uamuzi umeshafanywa, mkono unashona wenyewe. Ukikuta rundo la vitambaa, utafunga kopo na kushika simu.

Pini zihesabiwe kila usiku kabla ya kulala, na sindano pia. Kwenye kopo langu nimeweka sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Naipitisha juu ya zulia na mkeka, na kilichodondoka kinajileta.

Kushona mraba

Weka vipande viwili, upande mzuri kwa upande mzuri, ushone ukiacha robo inchi ukingoni. Robo inchi hii isiwe ya kukisia. Pima kutoka kwenye sindano hadi kulia, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye bati la cherehani, ukingo wa kitambaa uwe unaambaa nao. Mtasema nawasumbua kwa jambo dogo. Haya, pigeni hesabu: ukizidisha nusu ya robo tu, kila muungo unakula robo inchi, na upana wa blanketi una miungo minane. Zimeshapotea inchi mbili.

Sindano namba 14 inatosha hapa. Ukimaliza jozi ya kwanza usikate uzi; ingiza ya pili moja kwa moja, kisha ya tatu. Zitatoka nyuma ya cherehani zikining'inia kama vibendera vya harusi. Kata baadaye. Unaokoa uzi, na unaokoa muda wa kuanza upya kila mara.

Jozi ikiungwa na kipande chake cha tatu inakuwa mstari. Piga pasi kila mstari kabla ya kuuunga na mwenzake. Ikandamize pasi na kuinyanyua, usiiburute. Mshono ulazwe upande wa rangi iliyoiva, usionekane kupitia rangi nyepesi. Mpangilio wetu una faida: mstari wa kwanza unalaza mishono nje, wa pili ndani, wa tatu nje tena, kwa hiyo mistari ikikutana mishono inapishana na pembe zinakaa zenyewe. Mraba ukiisha upime. Unatakiwa uwe inchi 12 na nusu kila upande. Ukiwa 12 na robo na yote ni hivyo, endelea tu. Ukiwa mmoja ndio tofauti, fumua.

Miraba kumi na miwili, unga mitatu kwa upana na minne kwa urefu. Hapo una uso wa blanketi.

Kutandaza

Hii ni kazi ya pili inayotaka nafasi. Sogeza makochi. Kanga chini, upande mzuri ukitazama sakafu, uivute isikunjike na uibandike pembe kwa utepe huohuo wa karatasi. Blanketi la mtumba juu yake, kisha uso. Piga bandi kubwa kubwa kuanzia katikati kwenda nje, au tumia pini za nepi, moja kila kiganja. Ukianzia ukingoni, mkunjo wote utakusanyika katikati na hautatoka.

Kukamata tabaka tatu

Kuna njia mbili. Ya wenye subira ni bandi ya mkono kwa uzi mnene, mstari unaofuata mishono ya viraka, robo inchi pembeni yake. Ni nzuri kweli, na inabebeka: nimeona watu wanaishona kwenye kikao cha vikoba kuanzia mahesabu hadi chai.

Blanketi la kwanza, hata hivyo, ningependa mfunge mafundo. Chukua uzi wa kufumia au uzi mnene wa pamba. Kila pembe ambapo viraka vinne vinakutana, shusha sindano hadi itokee mgongoni, irudishe juu robo inchi pembeni. Kata ukiacha vidole vitatu kila upande. Funga: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili, fundo litateleza likifuliwa. Punguza nyuzi zibaki inchi moja. Mafundo yakiwa kila inchi nne hivi, kilichomo ndani hakihami.

Ukingo

Kata blanketi la kati lilingane na uso. Kanga iachie inchi moja na nusu kuzunguka. Ikunje mara moja hadi ikutane na uso, ikunje tena ipande juu, ushone. Pindo la kanga litazunguka mbele kama fremu, na hujanunua utepe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Sakina, cherehani sina. Nishone kwa mkono au nisubiri?*

Marahaba mwanangu. Usisubiri. Miraba hii inashonwa kwa bandi ndogo ndogo na inashika, ila kila vidole vinne rudi nyuma mshono mmoja. Au acha miraba kabisa ufuate Wasidi. Hawa ni watu wa asili ya Afrika wanaoishi India, na mababu zao baadhi walivushwa kutoka mwambao huu wetu. Wanawake wao wa Karnataka wanashona blanketi liitwalo kawandi, kwa mkono mtupu. Wanaanzia kwenye pembe, wanabandika kiraka juu ya kitambaa cha chini, wanashona tabaka zote kwa pamoja, na wanazunguka ukingo hadi kukutana katikati. Hakuna kupima inchi wala kutandaza sakafuni. Kwa mtu anayeshonea mapajani, sijaona njia bora zaidi.

*Dada, nimeambiwa kanga ilowekwe kwenye chumvi rangi isitoke. Ni kweli?*

Chumvi haizuii rangi ya kanga za sasa, wala siki. Fua kwa maji baridi, rudia hadi maji yawe meupe. Kisha jaribu: lowanisha kona, weka kitambaa cheupe juu, pitisha pasi ya moto. Kikipata rangi, rudi kwenye beseni. Nyekundu na nyeusi ndizo wasumbufu wakubwa.

*Fundi wangu anashona sare za shule, mabaki yake mengi ni tetroni. Yanafaa?*

Yanafaa yakikaa na wenzake. Tetroni ni ngumu na hairuki, kitenge ni laini, ukivichanganya kimoja kinamvuta mwenzake. Kama hujui ulichonacho, choma uzi mmoja nje, mbali na watoto: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, nailoni na wenzake, tetroni ikiwemo, wanayeyuka na kuacha shanga ngumu.

*Vipande vyangu havilingani hata kidogo, kuna mashati ya marehemu babu, jinzi na kitenge. Naona aibu.*

Aibu ya nini? Kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, Alabama, Marekani. Wanawake weusi wa pale walishona mablanketi kwa nguo za shamba zilizochakaa, magoti ya suruali yakiwa yamepauka, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa ukutani kwenye makumbusho ya Whitney, New York. Mashati ya babu weka mbele, mama. Jinzi tu ndiyo uitenge, ni nzito, na ukiichanganya na mashati tumia sindano namba 16.

*Naweza kuweka shuka la Kimasai mgongoni badala ya kanga?*

Linapendeza sana, na kwa Arusha linafaa. Mengi ni akriliki lakini, pasi ya moto inayayeyusha, kwa hiyo piga pasi uso wote kabla hujaunga tabaka. Na blanketi la katikati usiliweke, mtoto atashindwa kugeuka.

*Majirani wameshaniuliza bei. Nianze kuuza?*

Hapa tutatofautiana, najua. Usiuze la kwanza, na la pili pia fikiri. Ukishapokea oda, ile robo saa ya maharage inakuwa na mtu anayekudai, na wewe tayari unadaiwa na kila mtu ndani ya nyumba. Anayetaka blanketi mwambie aje na vipande vyake, mshone wote. Ukitaka biashara baadaye, pigia hesabu saa zako kwanza, siyo kitambaa peke yake. Utashangaa bei inavyopanda.

*Mimi ni baba wa watoto wawili, Kiboriloni. Naruhusiwa?*

Mafundi wa barazani hapa mjini nusu yao ni kina baba, kaka, nani atakuzuia? Fua vitambaa vyako wiki hii, vikaushe kivulini visipauke, na ukikosa mfuniko wa ndoo uliza kwa wapaka rangi, wanao wa kumwaga.