Somo: Kutoa makala ya jarida kwenye tasnifu ya kupima maji ya ardhini

Somo hili ni la mliopima ukinzani wa umeme ardhini (jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita) kutafuta maji, hasa kwenye miamba migumu kama ya Dodoma. Mliotumia rada au mitetemo mtapata chenu pia, ila mifano yangu ni ya umeme.

1. Chomoa swali moja. Tasnifu nzima haigeuki makala kwa kupunguzwa kurasa. "Nilipima vituo 20 katika kata fulani" ni taarifa ya kazi. Swali ni hili: tabaka lenye ukinzani mdogo juu ya granaiti ni maji au ni mfinyanzi? Vyote viwili hupitisha umeme. Kisichojibu swali hilo kibaki kwenye tasnifu.

2. Tafuta kisima. Hapa ndipo makala nyingi za wanafunzi huzama. Chukua tabaka la mita 5 lenye ohmu-mita 10 (ohmu-mita ni kipimo cha ukinzani), lililobanwa katikati ya matabaka yenye ukinzani mkubwa. Weka mahali pake la mita 10 lenye ohmu-mita 20. Gawanya unene kwa ukinzani: kote ni 0.5, na grafu za vipimo zitakaribia kulingana. Programu itakuchagulia jibu moja na kukuonyesha asilimia ndogo ya kosa, lakini mhakiki anayeijua kazi hatababaishwa na asilimia hiyo. Atauliza: mchimbaji alikuta nini?

Basi nenda bodi ya maji ya bonde ukaombe kumbukumbu za uchimbaji. Kwa Makutupora, Dodoma, ni Bonde la Wami/Ruvu. Kisima kikavu usikifiche. Kwangu mimi, kisima kikavu kimoja kilichoelezwa kwa nini kilikosa maji kina uzito kuliko vitano vyenye maji vilivyowekwa kwenye jedwali tu.

3. Usidai kina usichokiona. Elektrodi (vijiti vya kupitishia umeme ardhini) za nje zikiwa mita 100 kila upande wa kituo, hujaona mita 100 chini. Kwa mpangilio wa Wenner (elektrodi nne zenye nafasi sawa), kina cha wastani ni kama 0.17 ya urefu wote. Mita 200 zinakupa takriban 34, na matabaka yenyewe huweza kukipunguza au kukiongeza. Andika mpangilio, nafasi za elektrodi, kifaa na majira ya kupima, maana ardhi ya masika si ya kiangazi.

4. Weka data wazi. Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN (kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya), inapokea bure na kutoa namba ya kudumu ya DOI. Weka vipimo ghafi, si picha za rangi peke yake.

5. Chagua jarida. Hoja ikiwa ya mbinu, Near Surface Geophysics. Ikiwa ya jiolojia ya eneo, Journal of African Earth Sciences au Tanzania Journal of Science. Soma makala zao chache kwanza, na ulizia ada kabla ya kutuma.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Msimamizi wangu anataka jina lake litangulie. Ni sawa?*
Marahaba. Kama ulipima, ukachakata na kuandika wewe, jina la kwanza ni lako, na la msimamizi huja mwishoni kwa kawaida. Mzungumzie mapema, kabla rasimu haijaanza, na kwa adabu. Ukingoja siku ya kutuma, mtagombana.

*Sina leseni ya programu ya kuchakata. Nitumie iliyovunjwa?*
Hapana. pyGIMLi na ResIPy ni za bure na msimbo wake uko wazi. Ya kwanza itakudai ujue Python kidogo; ya pili ina madirisha ya kubofya.

*Nilipimia kampuni ya kuchimba visima wakati wa mafunzo kwa vitendo. Naweza kuchapisha?*
Omba ruhusa kwa maandishi. Wakikubali kwa sharti la kuficha majina ya wateja, kubali, lakini pigania viwianishi vibaki, hata vikikadiriwa kidogo. Wakikataa, rudi kupima kandokando ya kisima cha umma, kwa idhini ya serikali ya kijiji.

*Nimepata barua pepe: "Mheshimiwa Profesa, makala yako itatoka ndani ya siku saba." Mimi niko mwaka wa nne.*
Hongera kwa uprofesa, ndugu yangu. Ifute.