Namna ya Kuzamia Manowari Iliyogeuzwa Mwamba wa Bahari: Mwongozo kwa Mkaaji wa Lubumbashi

Manowari ikistaafu, serikali huweza kuiuza kama chuma chakavu, au kuisafisha na kuizamisha kwa makusudi mahali palipochaguliwa, ili sponji, matumbawe na samaki wapate maskani na wazamiaji wapate mahali pa kutembelea. Mkaaji wa Lubumbashi, ambaye bahari iko mbali naye mashariki na magharibi, anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya watu wa pwani tu. Sivyo. Sehemu kubwa ya matayarisho hufanyika nchi kavu na katika bwawa la kuogelea, na manowari za aina hiyo zipo Afrika Kusini, nchi ambayo watu wa mji wetu wameizoea kwa biashara, masomo na matibabu. Nitaeleza hapa jinsi ya kuzifikia ukiwa umejiandaa, na ninasisitiza tangu mwanzo kwamba mgeni wa meli iliyozama abaki nje yake: uzuri wake mwingi uko huko nje, na hatari zake kubwa ziko ndani.

Kuchagua meli

Meli huchaguliwa kwa kina chake, si kwa sifa zake. Cheti cha kwanza cha uzamiaji wa burudani kwa kawaida humruhusu mtu kushuka hadi mita 18, cha pili hadi mita 30, na mita 40 ndio mpaka wa mwisho kwa mzamiaji wa burudani. Kwa kipimo hicho, meli nzuri ya kuanzia ni SAS Pietermaritzburg, iliyolala karibu na Miller's Point, kusini mwa Simon's Town katika ghuba ya False Bay, kwenye kina cha mita 22 hivi. Iliundwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikiitwa HMS Pelorus, ikafagia mabomu ya majini mbele ya majeshi yaliyotua Normandy mwaka 1944, ikanunuliwa na Afrika Kusini mwaka 1947, na hatimaye ikazamishwa mwaka 1994 ili iwe mwamba. Ukiwa na cheti cha pili na kiongozi anayeijua, meli hii inakufaa.

Katika ghuba hiyo hiyo, kwenye hori ya Smitswinkel, zimelala SAS Transvaal na SAS Good Hope, manowari mbili zilizozamishwa mwaka 1978, pamoja na vyombo vingine vitatu visivyo vya kivita. Kina cha hapo ni takriban mita 35, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Zaidi ya mita 30 naitrojeni iliyomo katika hewa huanza kulevya akili, mtu akafurahi pasipo sababu au akasahau kutazama kipimo chake cha hewa; kwa hiyo usikubali kupelekwa Smitswinkel kabla hujafunzwa uzamiaji wa kina kirefu, hata kama mwenye mashua anakuhakikishia kwamba hakuna shida.

Wako watakaosikia habari za meli za Marekani na kutamani kuanzia huko. USS Oriskany, manowari ya kubebea ndege iliyozamishwa mwaka 2006 mbele ya Pensacola, Florida, imesimama kwenye kina cha mita 65 hivi. Mzamiaji wa burudani huutazama mnara wake tu, kwa kuwa sitaha ya ndege iko chini ya mpaka wa mita 40. USS Spiegel Grove, yenye urefu wa mita 155, ilizamishwa karibu na Key Largo mwaka 2002, lakini ilipinduka kabla ya saa yake na baadaye ikalazwa ubavu. Mwaka 2005 kimbunga Dennis kikaisimamisha wima. Habari hiyo inamhusu kila mzamiaji, kwa maana meli iliyo chini ya maji haikai kama ilivyochorwa kwenye karatasi. Mabamba yake huoza na kuanguka, na njia iliyokuwa wazi mwaka jana huweza kuwa imezibwa. Muulize kiongozi ameishukia lini mara ya mwisho, wala usione haya kuuliza.

Msimu nao una neno lake. Katika False Bay maji huwa maangavu zaidi wakati wa baridi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi huyavuruga. Miezi hiyo ndiyo ya ukavu kwetu Katanga, na ndani yake imo likizo kubwa ya shule.

Matayarisho ya nyumbani

Anza kwa daktari. Mwambie wazi kwamba unataka kupumua hewa yenye mgandamizo chini ya maji, kisha umwombe apime masikio, moyo na mapafu. Mji wetu ni mji wa migodi, na aliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi la mawe anapaswa kupigwa picha ya kifua kabla ya jambo lolote: sehemu ya pafu iliyoharibika huweza kunasa hewa, na hewa iliyonaswa hupanuka mzamiaji anapopanda, ikapasua pafu. Mwenye pumu asijiamulie mwenyewe, na mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi kwetu huuita SS, asizamie. Kuhusu dawa za kuzuia malaria, mweleze daktari kwamba unakwenda kuzamia, kwa kuwa meflokwini huweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, na madaktari wa uzamiaji huikataza.

Jambo la pili ni kuogelea. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika 10 bila kushika kitu. Hoteli kadhaa za Lubumbashi zina mabwawa ambayo mtu huweza kulipia kiingilio, na miezi miwili au mitatu ya mazoezi ya kudumu humtosha mtu mzima mwenye afya. Jizoeze pia kukaa majini uso ukiwa umeloa na pua bila kufunikwa, ukipumulia mdomo kwa mrija, kwa sababu wengi wanaoshindwa katika mafunzo hushindwa hapo, maji yanapoingia katika miwani na pua ikataka kuvuta hewa.

Hapa lazima niseme jambo kwa ukali. Asitokee mtu wa kujaza mtungi kwa komprese ya kwado, ile ya kutilia upepo matairi, ili ajaribu kushuka ziwani. Mashine hiyo huweza kuvuta moshi wa injini na mvuke wa mafuta, na monoksidi ya kaboni isiyodhuru sana juu huua chini, kwa kuwa mgandamizo huongeza nguvu ya sumu. Aidha, sheria za kushuka na kupanda zimeandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Mji wetu uko juu ya mita 1,000, na anayezamia katika ziwa la nyanda za juu anahitaji majedwali mengine ya kina na muda. Bwawa la kuogelea linakutosha mpaka ufike kwa mwalimu mwenye leseni.

Karatasi za safari zishughulikiwe mapema: viza ya Afrika Kusini, na kitabu cha chanjo chenye homa ya manjano, ambacho hudaiwa kwa msafiri atokaye Kongo. Ongeza chanjo ya pepopunda, kwa kuwa chuma chenye kutu hukata.

Hesabu ya hewa

Sehemu hii isomwe kwa utulivu, kalamu mkononi. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mgandamizo huo wa hewa ni kama bar 1; kwa hiyo kwenye mita 22, ukiujumlisha na ule wa maji, unabeba mgandamizo wa bar 3.2, na kila pumzi inakula mtungi mara 3.2 kuliko juu. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200: una lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia lita 64 kwa dakika huko chini, na mtungi utakwisha kwa dakika 37. Lakini hewa yote si yako ya kutembelea. Theluthi moja ni ya kwenda, ya pili ni ya kurudi, ya tatu ni akiba yako na ya mwenzako akipatwa na shida. Theluthi ni lita 800, yaani dakika 12 na nusu, na baada ya hapo unageuka hata kama mbele yako kuna mzinga ambao umetamani kuuona maisha yako yote. Tena hesabu hii ni ya mtu aliyetulia. Maji ya False Bay wakati wa baridi huwa na nyuzi 12 hadi 16 hivi, na baridi pamoja na hofu huongeza upumuaji sana. Anayezamia mara ya kwanza afanye hesabu yake kwa lita 30.

Kwa baridi hiyo utavaa suti ya mpira yenye unene wa milimita 7, pamoja na kofia, glavu na viatu vyake. Suti hiyo huelea, hivyo utafungiwa vipande vya risasi kiunoni. Na kwa kuwa hubanwa kadiri unavyoshuka, uzito utakaokufaa juu utakuwa mwingi mno chini. Tia hewa kidogo kidogo katika jaketi la kuelea mpaka ukae bila kupanda wala kushuka. Asiyeweza kukaa hivyo dakika 2 juu ya mchanga asisogezwe karibu na meli.

Kushuka na kuzunguka

Shuka kwa kamba ya boya, miguu kwanza, na uzibue masikio kila mita moja kwa kubana pua na kupuliza polepole. Likikataa, panda kidogo ujaribu tena, usilazimishe kamwe. Ukifika, usikimbilie sitaha. Baki umbali wa mita 2 ubavuni, uangalie mkondo unaelekea wapi, kisha anza safari kwa kwenda kinyume chake ili urudi ukisukumwa nao.

Kagua chuma kwa karibu. Pale ambapo rangi ya kijivu ya jeshi ilikuwa, sasa kuna sponji na matumbawe laini, na chini ya kingo kuna samaki waliojificha dhidi ya mkondo. Usishike kitu pasipo lazima, wala usichukue kitu. Beba kisu kifupi cha kukatia nyuzi za wavuvi, ambazo hunasa kwenye meli na hazionekani mpaka zimekukamata.

Kabla ya kuzamishwa, meli za siku hizi huondolewa mafuta, asbesto, nyaya na milango, na matundu makubwa hukatwa ubavuni ili mwanga uingie. Matundu hayo huvutia. Mzamiaji huona mwanga upande wa pili akadhani atapita kwa pumzi mbili. Akiingia, mapovu yake hugonga dari, kutu ikashuka kama unga. Mapezi yake huinua tope la sakafuni. Na njia aliyoingilia hupotea huku tochi ikimulika ukungu wa kahawia tu. Machi 2007 wazamiaji watatu walifia ndani ya Spiegel Grove, meli iliyotayarishwa kwa ajili ya wageni. Kuingia ndani kuna kozi yake, kuna kamba ya kufungwa nje na kukunjuliwa unapokwenda, kuna tochi za akiba. Bila hayo, tazama kwa kumulika kutoka mlangoni.

Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika, na kwenye mita 5 simama dakika 3 kabla ya kutoka.

Kurudi nyumbani

Baada ya kuzamia mara moja bila kuvuka muda uliopangwa, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kufanya mapovu mgandamizo wa hewa unapopungua. Baada ya mara kadhaa, saa 18. Mimi hushauri siku nzima. Anayerudi kwa barabara naye asubiri, kwa kuwa njia kutoka Cape Town hupanda nyanda za juu ndani ya saa chache, na Johannesburg iko takriban mita 1,750.

Ukisikia maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida katika siku za kwanza za kurudi, usinywe dawa ya malaria na kulala. Kwetu daktari atafikiria malaria kwanza, naye ana haki. Mwambie tarehe, saa na kina ulichozamia, umwombe oksijeni, na umpe nambari ya dharura ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji lenye ofisi Kusini mwa Afrika, ambayo uliiandika kabla ya kuondoka.