Wakati wa Kunoa na Kubadilisha Mkanda wa Msumeno wa Kupasulia Mbao

Wapasuaji wengi wa Lindi na Mtwara wanaotumia mashine za kuhamishika huushusha mkanda wa msumeno, yaani utepe wa chuma wenye meno unaozunguka juu ya magurudumu, pale tu mashine inapogoma, na kufikia hapo mbao kadhaa zimekwisha kuharibika na chuma chenyewe kimeumia. Jino butu halikati nyuzi za mti bali huzisugua. Msuguano huzaa joto, joto huurefusha mkanda, na mkanda uliolegea hupinda njia ndani ya gogo. Kwa sababu hiyo mkanda unapaswa kunolewa ungali unakata.

Kipimo cha kwanza ni saa. Mkanda wa kawaida wa chuma hushushwa baada ya saa moja na nusu hadi mbili za kukata, na kwa magogo makavu ya mkongo au mninga muda huo hupungua. Mnazi nao hudanganya, kwa kuwa moyo wake ni laini ilhali sehemu ya nje ya shina, hasa upande wa chini, ni ngumu sana.

Kipimo cha pili ni macho na mikono. Chota unga wa mbao unaotoka mashineni: ukiwa na chembe zinazoonekana, meno yanakata, ukiwa laini kama unga wa muhogo, yanasaga. Kisha zima injini, vaa glavu, na ulitazame jino moja ukiwa umeligeuzia jua. Ncha yenye makali haionyeshi mwanga wowote, lakini ncha butu hung'aa kama kidoa cheupe, na kidoa hicho huonekana kabla ubao haujaanza kutoka na mawimbi. Injini inayoanza kukoroma kwenye gogo la ukubwa uleule wa jana ni dalili nyingine isiyopaswa kupuuzwa.

Ikiwa meno ni makali lakini ubao unapanda au unashuka kila mara upande uleule, tatizo huwa mara nyingi kwenye mpindo wa meno, yaani jinsi meno yanavyopindwa kidogo kulia na kushoto, kwani mkanda huvutwa kuelekea upande ambao meno yamepindwa zaidi. Mpindo wa takriban nusu milimita kila upande hutosha kwa kazi nyingi. Usawazishe kabla ya kunoa.

Magogo yanayoburutwa kwenye kichanga, kama ilivyo kawaida katika njia za misitu ya Liwale na Kilwa, hubeba mchanga ndani ya magome, na mchanga humaliza makali upesi kuliko mti wenyewe. Bandua magome mahali mkanda utakapoingilia. Mwembe uliokatwa karibu na nyumba ukaguliwe misumari na nyaya. Mkanda ukigonga chuma, ushushe papo hapo.

Katika kunoa, safisha kwanza utomvu kwa dizeli. Jiwe la kunolea lipite uso wa jino, mgongo wake na bonde lililo kati ya jino na jino, kwa kuwa nyufa ndogo zisizoonekana huanzia katika bonde hilo, na kuondoa tabaka jembamba la chuma huziondoa kabla hazijakua. Fundi anayenoa ncha peke yake kwa tupa anapata makali ya siku hiyo, lakini anaziacha nyufa ziendelee. Gusa kidogo kidogo: chuma kikigeuka rangi ya buluu, kimeungua, na jino hilo litakatika.

Mkanda hubadilishwa, wala haunolewi tena, unapoonyesha ufa kwenye bonde la jino au kwenye kiungio, yaani pale ncha mbili za mkanda zilipounganishwa, unapopoteza meno yanayofuatana, au unapokuwa mwembamba kiasi kwamba haukai vyema juu ya magurudumu. Upo pia uchovu wa chuma usioonekana, unaotokana na kujikunja kila mzunguko. Tia alama ya rangi kila unaponoa, na mikanda ya aina moja ikianza kukatika baada ya idadi fulani ya alama, mingine iondoe kabla ya kufikia hapo. Legeza mkanda kila jioni ili usilale umevutwa. Ule uliokwisha kazi ukunjwe kwa uangalifu na kukatwa vipande siku hiyohiyo, kwa sababu mkanda mbovu ulioachwa ukining'inia kambini hurudishwa mashineni siku mikanda mizuri inapopungua, na unapokatika katikati ya kazi huruka kwa nguvu kuelekea walipo watu.