Kukokotoa mchapuko hasi: swali la basi linalofunga breki

Juzi nilikaa na mpwa wangu wa kidato cha pili hadi saa nne usiku, swali moja tu: basi linakwenda 72 km/h, dereva anakanyaga breki, kasi inapungua kwa 5 m/s², litasimama baada ya mita ngapi? Fizikia anasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo jina la jambo, "acceleration", alikuwa nalo, jambo lenyewe hana. Na alikwama palepale nilipokwama mimi enzi zangu.

Mchapuko ni badiliko la kasi katika kila sekunde. Basi lilikuwa na 20 m/s. Sekunde moja baadaye lina 15, kisha 10, kisha 5, kisha limetulia. Kila sekunde limepoteza 5 m/s. Hiyo ndiyo 5 m/s², na ile "sekunde kipeo cha pili" haina siri nyingine.

Hatua ya 1. Gawanya km/h kwa 3.6. 72 inakuwa 20 m/s.

Hatua ya 2. Chora mshale wa upande unaouita chanya, kisha weka alama. Swali likisema kasi inapungua kwa 5 m/s², alama ya kutoa haimo kwenye swali; ni wewe wa kuiweka: a = −5 (a ni mchapuko). Na usikariri kwamba hasi maana yake ni kupunguza mwendo. Gari linalorudi nyuma huku likiongeza mwendo lina mchapuko hasi pia, ikiwa mbele ndiko chanya. Chombo hupunguza mwendo pale kasi na mchapuko vinapokuwa na alama tofauti.

Hatua ya 3. Chagua kanuni. Humo u ni kasi ya mwanzo, v kasi ya mwisho, t muda, s umbali. Ukiwa na muda: a = (v − u)/t. Usipokuwa nao: v² = u² + 2as. Kwa basi letu:

0 = 20² + 2(−5)s
s = 400/10 = mita 40

Wanafunzi wengi hukimbilia s = ut + ½at². Kwa maswali ya breki siipendi, na sababu ni hii. Swali likiuliza, "Basi litakuwa limekwenda umbali gani sekunde 6 tangu breki zikanyagwe?" utaandika 20 × 6 − ½ × 5 × 36 = 120 − 90 = mita 30. Hesabu haina kosa hata moja, lakini jibu si kweli. Basi lilisimama sekunde ya 4, likiwa limekwenda mita 40. Kanuni haijui kwamba breki haiwezi kulirudisha basi nyuma. Yenyewe iliendelea kutoa 5 kila sekunde hadi basi likawa linarudi kinyumenyume kwa 10 m/s. Swali la namna hii lilinila jioni nzima nikitafuta kosa kwenye kikokotoo, kumbe kosa lilikuwa kabla ya kukishika. Kwa hiyo, kabla ya kuweka muda wowote, tafuta muda wa kusimama: t = u/5 = 20/5 = sekunde 4. Muda wa swali ukizidi hapo, tumia 4. Mpira uliorushwa juu ni habari nyingine, kwa sababu wenyewe hurudi kweli na kanuni inabaki sahihi.

Hatua ya 4. Chora grafu ya kasi na muda, kwa mkono, kwenye karatasi ya miraba. Mstari unashuka kutoka 20 hadi 0 ndani ya sekunde 4. Eneo la pembetatu ni ½ × 4 × 20 = 40. Mpwa wangu aliamini jibu hapa, si kwenye kanuni.

Sasa punguza kasi iwe nusu, 36 km/h, breki zilezile: mita 10, yaani robo ya umbali. Kasi imo kwenye kipeo cha pili. Halafu ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 20 m/s hiyo ni mita 20 nyingine, na 40 inakuwa 60.

Jaribu mwenyewe kwa 80 km/h, kikomo cha mabasi kwenye barabara kuu Tanzania, a ikiwa −5. Bila ile sekunde ya kushtuka, upate karibu mita 49.