Kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Chukua kalamu tuthibitishe

"Hasi mara hasi, chanya." Wanafunzi wengi hulikariri hili, wakapata vema kwenye mtihani, na bado hawajui limetoka wapi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na jambo hili huniuma, kwa sababu uthibitisho wake hauhitaji zaidi ya kujua kuzidisha na kufungua mabano.

Hatua ya 1: Tafuta 98 × 97 bila kugusa hasi mara hasi

97 mara 100 ni 9,700. Tumezidisha 97 mbili zaidi ya tulivyotaka, basi toa 194. Jibu ni 9,506. Liandike pembeni.

Hatua ya 2: Rudia kwa mabano

98 ni 100 − 2, na 97 ni 100 − 3. Fungua (100 − 2) × (100 − 3):

100 × 100 = 10,000
100 × (−3) = −300
(−2) × 100 = −200
(−2) × (−3) = ?

Mistari mitatu ya kwanza inatupa 9,500. Jibu tunalo tayari: 9,506. Kwa hiyo penye alama ya kuuliza hapawezi kukaa kingine ila +6. Ukiweka −6 utapata 9,494, na hesabu ya Hatua ya 1 itakukatalia.

Hiyo 6 imetoka wapi? Chora mraba wenye sentimita 100 kila upande. Kata ukanda wa upana wa sentimita 3 chini, kisha fikiria unakata ukanda wa sentimita 2 kuliani, wenye urefu kamili wa 100. Kile kipembe cha kona, 2 kwa 3, kimo kwenye kanda zote mbili. Umekitoa mara mbili ilhali kipo kimoja tu, basi lazima ukirudishe mara moja. Usiruke mchoro huu; mimi huupa muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Hatua ya 3: Thibitisha kwa namba zote

Namba yoyote mara sifuri ni sifuri, na 3 + (−3) ni sifuri. Kwa hiyo:

(−2) × [3 + (−3)] = 0
(−2) × 3 + (−2) × (−3) = 0
−6 + (−2) × (−3) = 0

Namba pekee inayojumlishwa na −6 ikaleta sifuri ni 6. Weka a na b badala ya 2 na 3, hoja haibadiliki.

Mwaka 628, mwanahisabati Brahmagupta wa India aliandika kanuni hii kwa lugha ya mali (chanya) na madeni (hasi). Darasani mimi siutumii mfano huo kwenye kuzidisha: deni hujumlishwa na deni vizuri tu, lakini deni mara deni halimwambii mtoto kitu.

Hatua ya 4: Jihadhari na mahali panapokosewa

Kanuni hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu. (−2) + (−3) ni −5, wala si 5. Halafu angalia mabano: (−3)² ni 9, lakini −3² ni −9, kwa kuwa kipeo kinaishika 3 peke yake.

Sasa fanya 96 × 95 kwa njia zote mbili. Zote zitakupa 9,120.