Ukiletewa Fomu ya Utafiti wa Saratani ya Mlango wa Kizazi, Isome Hivi

Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam. Daktari akishamwambia mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi kwamba kuna utafiti wa tiba anaoweza kujiunga nao, mimi ndiye ninayebaki naye kwenye benchi na ile fomu ya ridhaa. Fomu ni ndefu, mama ana maumivu, na aliyemsindikiza anawaza kuwahi basi. Naandika jinsi ninavyoisoma, ili ukikaa na mama yako au shangazi yako ujue pa kuanzia.

Usianzie ukurasa wa kwanza. Tafuta kwanza tiba ya kawaida, yaani ile ambayo mgonjwa angepewa hata kama utafiti usingekuwepo. Kwa saratani iliyokwishakua lakini haijasambaa mbali mwilini, msingi wa tiba tangu 1999 umekuwa mionzi ya nje pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki, kisha mionzi ya ndani, na yote inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Iandike kwenye daftari. Chini yake andika utafiti unaongeza nini, unapunguza nini au unabadilisha nini. Ukishindwa kuujaza mstari huo wa pili, bado hujaelezwa. Rudi kwa daktari, wala usione haya.

Halafu uliza kundi la pili linapewa nini. Kwenye tafiti nyingi za namna hii kompyuta ndiyo inayopanga nani aende kundi gani. Si daktari, si mgonjwa, wala hakuna wa kumwomba. Watu wengi huogopa kwamba watakaokosa dawa mpya wataachwa hivihivi. Jibu linalotakiwa ni kwamba nao wanapata tiba ya kawaida, kamili.

Kwenye namba ndipo ninapokaa muda mrefu. Nina kopo lenye kunde 100, nazimwaga juu ya meza. Huwa natumia mfano wa INTERLACE, utafiti ulioongozwa kutoka University College London na kuchapishwa 2024. Wanawake 500 walishiriki, kutoka Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazili. Kundi moja lilipata tiba ya kawaida. La pili lilitanguliziwa dawa mbili za saratani, karboplatini na paklitakseli, kwa wiki 6, kisha likapata tiba ileile. Baada ya miaka 5, katika kila 100 waliotanguliziwa dawa, takriban 80 walikuwa hai. Kwa wenzao, 72. Nasogeza kunde 8 pembeni. Hiyo ndiyo faida, na ni kubwa. Kisha nazirudisha na kuhesabu upya: waliopata madhara makali walikuwa 59 katika 100 kwa waliotanguliziwa dawa, na 48 kwa wenzao. Nasogeza 11. Fomu yoyote inayokuonyesha kunde za kwanza tu na kuzificha za pili, usiisaini.

Ila kuna jambo ambalo kunde hazisemi. Wale wanawake, wiki ya 7 ilipofika, walianza mionzi. Huku kwetu mtu anaweza kumaliza dawa akakuta foleni ya mashine. Dawa za kutanguliza zikifuatwa na kusubiri, hiyo si tiba iliyopimwa, na zile 8 hakuna wa kukuahidi. Kwa hiyo swali ninalolipigia mstari mara mbili ni hili: mionzi inaanza tarehe ngapi?

Mengine ni mafupi. Uliza majibu ya figo, kwa sababu sisplatini inazichosha, na uvimbe wenyewe unaweza kubana mirija ya mkojo. Uliza nauli na vipimo vya ziada vinalipwa na nani. Tafuta kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama ni dawa inayojaribiwa, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Simu ya mtafiti iwe imeandikwa. Dai nakala, nenda nayo nyumbani, lala nayo. Mgonjwa anaweza kukataa leo, au kujitoa baadaye, na tiba yake ya kawaida ikaendelea.

Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, niliona fomu ikisainiwa na mama aliyekwisha kutundikiwa dripu. Sikusema kitu siku ile, na mpaka leo inaniuma.

Asiyejua kusoma anaweka dole gumba, lakini lazima awepo shahidi asiye wa timu ya utafiti, asikie yote yakisomwa. Nakumbuka bibi mmoja wa Lindi aliyekuja na mjukuu wake.

"Mwanangu, katika hizo kunde 8, na mimi nimo?"

"Hakuna anayejua, bibi. Hata daktari hajui."

Akazitazama kwa muda, akazirudisha kwenye kopo moja moja. "Basi kaniulizie ile tarehe."

Niliingia ndani, nikarudi na tarehe imeandikwa kwa kalamu na kugongwa muhuri. Mjukuu akamsomea mara mbili. Ndipo bibi akanyoosha kidole kwenye wino.