Kipozeo kipya, nyuzi zilezile: jinsi ya kujua joto limekwama wapi

Umefunga kipozeo kikubwa cha mirija sita na feni mbili, na bado prosesa inagonga nyuzi 95. Usikimbilie kukirudisha. Joto lina safari: linatoka kwenye prosesa, linavuka pesti (krimu inayojaza mwanya kati ya prosesa na kipozeo), linaingia kwenye bapa la kipozeo, linapanda mirija hadi kwenye mapezi, kisha hewa inalitoa nje ya kasha. Limekwama mahali fulani njiani, na namna linavyopanda ndiyo inayokuonyesha ni wapi, kuliko hata namba linayofikia.

Hatua ya 1: Pima kabla hujashika bisibisi

Fungua HWiNFO64 (programu ya kusoma joto na wati), iache kompyuta itulie dakika 10, kisha andika mambo manne: joto la prosesa, wati inazokula (mstari wa CPU Package Power), kasi ya feni na joto la chumba. Chumba kina uzito wake. Kikipanda nyuzi 8, prosesa nayo hupanda karibu kiasi hichohicho. Halafu endesha Cinebench (programu ya kuipa prosesa kazi nzito) dakika 10 ukitazama namba.

Joto likiruka toka 40 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, na wati hazijafika hata 100, shuku mgusano kati ya prosesa na bapa. Likipanda taratibu kwa dakika tano au sita, mgusano ni mzima na tatizo ni hewa.

Sasa gusa mapezi kwa kidole, mbali na panga za feni. Prosesa ipo 95 na mapezi yamepoa? Joto halifiki huko juu. Mapezi yanaunguza? Linafika, ila halibebwi. Kwa kipozeo cha maji, shika mipira miwili: mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi kabisa, maji hayazunguki.

Hatua ya 2: Angalia wati

Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha pesti bure. Intel iliweka kikomo cha wati 253 kwa prosesa yake ya Core i9-13900K, lakini madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) nyingi hukiondoa zenyewe, na kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) utakuta 4096, maana yake hakuna kikomo. Weka PL1 na PL2 (vikomo vya wati vya muda mrefu na muda mfupi) ziwe 253 kisha pima tena. Ryzen 7 7700X ya AMD yenyewe imeundwa ipande hadi 95 ikipewa kazi nzito, na ukiifungia kipozeo bora itaongeza kasi badala ya kushusha joto. Ukitaka ipoe, washa Eco Mode (hali ya kubana umeme) ya wati 65, ambayo kiuhalisia huiruhusu kula hadi 88.

Hatua ya 3: Feni na kasha

Feni ya kipozeo ichomekwe kwenye plagi ya madabodi iliyoandikwa CPU_FAN, si plagi ya feni za kasha. Pampu ya maji ichomekwe kwenye plagi yake na ikimbie asilimia 100 muda wote. Upande wa feni wenye fremu inayoshikilia mota ndiko upepo unakotokea, na upepo huo uelekee feni ya nyuma ya kasha, usigongane nayo.

Kisha fungua ubavu wa kasha na rudia jaribio. Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, kipozeo hakina kosa. Kasha linakirudishia hewa yake ya moto. Ongeza feni ya kuingiza hewa mbele, safisha kichujio cha vumbi.

Hatua ya 4: Ng'oa, usome alama ya pesti

Ipe prosesa kazi dakika tano ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme. Kwenye AM4 (soketi ya AMD ambayo prosesa zake zina pini) zungusha kipozeo kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Ukivuta wima, prosesa inaweza kung'oka na kipozeo na pini zikapinda.

Tazama bapa. Kama plastiki yake ya kinga bado ipo, umeshapata jibu (hutokea hata kwa mafundi). Pesti nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili maana yake kipozeo kilikaa kimeinama. Pesti nene kila mahali, kama haijabanwa kabisa, inaonyesha nguzo za kufungia kipozeo si zake: soketi ya Intel ya LGA1700 ni fupi kwenda juu kuliko LGA1200, na matundu yake yameachana milimita 78 badala ya 75. Nguzo za zamani hukiacha kipozeo kikielea.

Hatua ya 5: Funga upya

Futa pande zote mbili kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka tone la milimita 4 hadi 5 katikati. Kwa LGA1700, ambayo uso wake ni mrefu, weka mstari. Kaza skrubu kwa mkingamo, mizunguko miwili huku, miwili kule, hadi zigome zenyewe. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kipozeo huinama na pesti hukimbilia upande wa pili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, pesti ikizidi inaharibu?*
Ya kawaida haiharibu. Mgandamizo huisukuma nje, ukabaki na uchafu wa kufuta tu. Ikipungua ndiyo mbaya, kwa sababu pembe za prosesa hubaki wazi. Metali ya maji (metali kimiminika inayotumika badala ya pesti) ni habari nyingine: inapitisha umeme na inakula alumini, kwa hiyo isikaribie bapa la alumini.

*Nikifungua kivinjari tu joto linaruka toka 38 hadi 60, halafu linashuka. Nifungue tena?*
Hapana. Kiini kimoja cha prosesa kinapewa volti nyingi kwa muda mfupi, na eneo lake ni dogo mno. Kinachokera ni feni kunguruma kila mara, basi nenda BIOS uipe feni ichelewe sekunde 3 hadi 5 kabla ya kupandisha kasi.

*Cha maji kinagugumia na joto limepanda polepole tangu nikifunge. Rejeta (sehemu yenye mapezi ya kupozea maji) iko chini ya kasha.*
Hewa huelea juu, na kwako sehemu ya juu kabisa ni pampu, kwa hiyo imejikusanya humo. Hamishia rejeta juu ya kasha, au mbele ili mwisho wake wa juu upite kimo cha pampu. Washa, kisha inamisha kasha kidogo huku na huku mpaka mlio uishe.

*Fremu ya kuzuia prosesa ya LGA1700 isipinde inasaidia?*
Inashusha nyuzi chache, lakini iache iwe ya mwisho, baada ya wati na mgusano. Ukiifunga, kaza robo mzunguko kwa kila skrubu. Ikizidi kukazwa, au ikikazwa upande, utawasha ukute RAM moja haionekani. Hilo likitokea, legeza zote nne kidogo kidogo kabla ya kudhani madabodi imekufa.